Kumbukumbu Haitoshi

Jirani zake walimwita Redio, na aliyeanzisha jina hilo hakuwa na nia ya kumsifu. Mwanamke yule alisema kutwa. Akifua, anasema, akimenya vitunguu, anasema, na si umbea wala nyimbo, bali mzunguko wa damu, mikataba ya wafalme na jinsi mvua inavyotengenezwa angani. Mgeni akipita dirishani angedhani ndani kuna darasa zima. Kumbe ni mtu mmoja na sufuria yake, anafanyia mazoezi kurasa za kesho.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kusoma vitabu kwa sauti. Aliajiriwa na kituo kinachowatengenezea wasioona vitabu vya kusikiliza. Alisomea katika chumba cha nyuma ambacho kuta zake zilifunikwa magodoro ya zamani ili kelele za barabarani zisiingie. Humo feni haikuwashwa kamwe, kwa sababu kipaza sauti husikia kila kitu. Redio alisoma huku jasho likimchuruzika mgongoni, kisha akatoka, akakaa mbele ya kompyuta, akavaa hedifoni na kuanza kazi ya pili, ya kusafisha sauti. Hapa anakata kikohozi, pale anaondoa mlio wa kiti, kule anafuta pumzi aliyoivuta vibaya. Kasoro ndogo ilimkera kama kijiwe kwenye wali. Wenzake walimwambia anazidisha, naye aliwajibu kwamba asiyeona hana pa kupumzishia masikio.

Alijua anachosema. Mdogo wake alipoteza macho utotoni kwa homa, na tangu hapo dada mtu ndiye aliyemsomea kila kitu, hata maandishi ya kwenye pakiti za sabuni. Sasa mdogo mtu ni mwanaume mzima, ndevu zimemjaa, anapokea simu katika ofisi moja ya mizigo, anaishi kwa dada yake na shemeji yake, na kichwani mwake limemkaa jambo moja tu: awe mwalimu wa historia. Mtihani wa kuingia chuo cha ualimu alishaufanya mara moja, akafeli. Hakufeli kwa ujinga. Kitabu cha historia alichokuwa nacho kiliishia katikati, na nusu ya mtihani ikatoka kwenye ile nusu asiyowahi kuisikia. Na chuo kile hakimpokei mtu aliyefeli mara mbili. Mwaka huu ndio ulikuwa wake wa mwisho.

"Safari hii utakisikia chote," Redio alimwahidi. "Jalada mpaka jalada."

"Jalada halina maneno, dada."

"Nitalisoma hivyo hivyo."

Kitabu chenyewe kilikuwa kinene kama tofali. Kukisoma hakukumshinda. Kilichomshinda ni kukiunganisha.

Pale kituoni palikuwa na sheria: kitabu kimoja, faili moja. Haikuzuka hivi hivi. Vidude vya kusikilizia walivyogawiwa wanafunzi vilikuwa vikichanganya sura; uziwekee namba, usiziwekee, kidude kinapanga kinavyotaka chenyewe. Mdogo wake Redio aliwahi kusikiliza mfalme akizikwa kwa heshima zote, halafu katika sura iliyofuata mfalme yule yule akazaliwa. Malalamiko yakawa mengi, na mkuu wa kituo akaamua kila kitabu kitoke kikiwa kipande kimoja, kisicho na pa kuchanganyikia.

Basi Redio akaanza kuunganisha. Sura za mwanzo zilikubali bila ubishi. Alipofika katikati, kioo kikaganda, mshale ukagoma, kisha kikatokea kisanduku kidogo cheupe kilichoandikwa: *Kumbukumbu haitoshi kukamilisha kazi hii.* Programu ikafunga virago, ikaondoka bila kuaga.

Hapa lazima tuelewane. Mkuu wa kituo alikuwa na mapenzi makubwa na Kiswahili, na aliagiza kompyuta zote pale ziseme Kiswahili. Jambo jema sana. Lakini kumbukumbu ni neno lenye watoto wengi. Kumbukumbu ni yale unayoyakumbuka. Kumbukumbu ni yaliyoandikwa mkutanoni. Kumbukumbu ni picha ya harusi ukutani, na kila kilichowekwa kisipotee. Redio, mtu aliyeishi kwa maneno, akalichukua neno hilo kwa maana aliyoizoea: mashine imejaa vitu vilivyowekwa, basi vipunguzwe.

Akavamia. Akafuta kumbukumbu za mikutano, ambazo, tuseme ukweli, hakuna aliyezililia. Akajaribu kuunganisha, kisanduku kikarudi. Akafuta picha za hafla za kuwaaga wastaafu. Kisanduku. Akafuta matangazo ya miaka ya nyuma. Kisanduku tena, maneno yale yale, hakijabadilisha hata nukta. Hasira zikampanda. Akaitafuta folda nzito kuliko zote, akakuta ni sauti mbichi za sura za mwanzo, zile ambazo tayari alishaziunganisha. "Hizi nishazitumia," akasema, akazifuta, na kapu la taka nalo akalimwaga. Kisha akabonyeza kuihifadhi kazi iliyounganishwa. Ilifika nusu, ikaanguka. Alipoifungua tena hakukuta sauti yake. Alikuta mchakacho mtupu, kama mafuta yanayokaanga.

Sauti mbichi zimekwenda, iliyounganishwa imekwenda. Maji yakimwagika hayazoleki. Redio aliweka paji la uso mezani akalia waziwazi, mbele ya mhasibu aliyekuwa akila chakula chake cha mchana na ambaye hakujua aendelee kutafuna au aache.

Jioni ile alimweleza mdogo wake yote, bila kujipunguzia. Mdogo mtu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Nisomee kisanduku kilivyosema. Neno kwa neno."

"Kumbukumbu haitoshi kukamilisha kazi hii."

Akakuna ndevu. "Dada, ukiambiwa unga hautoshi, unamwaga uliopo?"

Redio akavuta kigoda, akaketi.

"Haitoshi, maana yake inatakiwa zaidi," mdogo wake akaendelea. "Wewe umekazana kupunguza."

"Kumbukumbu gani sasa inatakiwa zaidi? Nikawapige wastaafu picha nyingine?"

Mumewe, aliyekuwa akipiga pasi shati lake, akaangua kicheko, kisha akatazamwa, akarudi kwenye kola yake.

"Kama imeshindikana, nipe vipande tu," mdogo wake akasema kwa sauti ya chini. "Nitabahatisha mpangilio. Mpangilio wa mwaka jana nao niliubahatisha."

Hapo Redio akasimama. Aliposema, alisema kwa ile sauti yake ya kazini, kila silabi mahali pake. "Mara ya kwanza hukufeli kwa uvivu wako, na mara ya pili hutafeli kwa ujinga wangu. Nitaijua hiyo kumbukumbu ni nini, hata kama itabidi niivue shati."

Asubuhi yake alimngojea fundi mlangoni. Huyu alikuwa fundi wa kompyuta aliyehudumia ofisi zote za jengo lile, na jina lake la mtaani lilikuwa Zima-Washa, kwa kuwa hakuna ugonjwa ambao hakuuandikia dawa hiyo.

"Umezima ukawasha?" aliuliza hata kabla ya salamu.

"Shikamoo zipo wapi, fundi? Nimezima, nimewasha, nimezima. Leo sitaki unitengenezee. Nataka unieleze."

Zima-Washa aliweka begi chini. Watu humtaka akimbie. Mtu wa kumwambia akae ni adimu. Akavuta kiti.

"Ghala lako la kuwekea faili lina nafasi tele," akasema. "Hata usingefuta kitu, lingekuwa na nafasi. Kumbukumbu inayosemwa hapa ni nyingine kabisa. Ni kile ambacho mashine inaweza kukishika kwa wakati mmoja, wakati inafanya kazi. Ukiizima, chote kinapotea."

"Inasahau kila kitu?"

"Kila kitu."

"Na ndiyo wameiita kumbukumbu!"

"Mama, mimi sikuwepo siku ya kuipa jina," fundi akajitetea.

Akamwambia dawa ya moja kwa moja ni kuongeza kipande cha kumbukumbu ndani ya mashine. Mkuu wa kituo alikubali hapo hapo, ila kipande kiagizwe, kije, kifungwe. Mtihani utakuwa umepita. Redio akauliza kama kuna njia ya kuiona hiyo kumbukumbu ikiisha, badala ya kusubiri kuambiwa imekwisha. Fundi akamfungulia dirisha ambalo hakuwahi kulijua. Kila programu iliyokuwa wazi iliandikwa humo na kiasi inachokishika, na chini kulikuwa na mstari unaopanda na kushuka. Akamfundisha kulifungua mwenyewe, akachukua begi lake, akaenda kuwazimia na kuwawashia wengine.

Tangu siku hiyo Redio alifanya kazi jicho moja likiwa kwenye mstari. Na mtaka cha mvunguni sharti ainame: ilibidi azisome upya zile sura alizozifuta, tena mafua yamembana, sauti imekwaruza kama mlango wa bati. Hakungojea apone. Alikunywa maji ya moto, akaingia kwenye magodoro, akasoma.

La kwanza alilolijua lilimsafisha mtu asiye na hatia. Siku moja kisanduku kilitokea kwenye programu ya kuandikia barua, iliyokuwa na ukurasa mmoja tu. Mhasibu, ambaye walitumia naye kompyuta ile kwa zamu, akatangaza kwamba programu ya barua ndiyo mbovu, iondolewe. Redio akafungua dirisha lake, akatazama. Barua ilikuwa imeshika kidogo kuliko zote. Juu kabisa ilikaa programu ya sauti, na chini yake mtandao, ambamo mhasibu alikuwa ameacha wazi kurasa chungu nzima za mpira wa miguu.

"Kumbe anayelia siye aliyekula," Redio akasema. "Walafi walishapakua wakashiba. Huyu wa mwisho amekuta sufuria tupu, akapiga kelele, na sasa tunamkamata yeye."

"Mama, hizo ni matokeo tu ya mechi," mhasibu akasema.

"Mechi zako zinakula sura zangu. Zifunge."

Alizifunga moja moja kwa uchungu, kama mtu anayeaga ndugu kituoni. Mstari ukashuka, lakini haukushuka vya kutosha.

La pili lilimchukua muda zaidi, na lilimtesa kwa sababu halikuingia akilini. Kila alipokata kikohozi, mstari ulipanda. Alikata tena, ukapanda tena. Anapunguza sauti, mashine inazidi kuelemewa! Alidhani macho yanamdanganya. Akachagua kikohozi kimoja kikubwa, akakikata, akatazama. Mstari ukapanda. Akafikiri kidogo, kisha akabonyeza neno *tendua*, lile la kurudisha ulichokosea, na kikohozi kikarudi kizima kizima, na makohozi yake.

Redio alivua hedifoni. Kimerudi kutoka wapi? Kama kilitupwa, kimeokotwa wapi? Akatendua tena na tena, na vikohozi vikarejea kwa foleni, na milio ya kiti, na pumzi zote alizokuwa amezikata tangu asubuhi. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kimetupwa. Mashine ilikuwa imevishika vyote mkononi, kwa adabu, endapo mama atabadili mawazo. Na yeye, kwa ule usafi wake wa kupindukia, alikuwa akiitwisha mzigo siku nzima halafu anailaumu kwa kuanguka.

Alicheka mpaka mhasibu akachungulia.

Lakini kucheka si kumaliza. Alirudi kwenye chumba cha magodoro kusoma sura iliyobaki, na humo akakutana na sentensi ndefu ya mwandishi fulani asiyejua nukta ni kitu gani, vita ndani ya mkataba ndani ya vita. Kwa yale mafua, pumzi ikamkatikia njiani. Akaanza upya, ikamkatikia mahali pengine. Akaanza tena, pengine. Ndipo akasimama katikati ya chumba, kipaza sauti kimewashwa, akasema kwa sauti kubwa, maneno ambayo hayamo katika kitabu chochote cha historia:

"Hii si kumbukumbu. Hii ni pumzi!"

Yote yakampangikia. Msomaji hakatiki kwa sababu neno alilofikia ni baya. Hukatika kwa sababu ya yote aliyoyasoma kabla yake bila kupumua. Ndiyo maana programu ilianguka leo kwenye sura hii, kesho kwenye ile. Alikuwa ameshaishtaki sura ya tisa, akaichunguza neno kwa neno kutafuta ubovu, na sura ya tisa haikuwa na kosa lolote. Ilipita tu wakati pumzi imekwisha. Na kama ni pumzi, basi yeye alikuwa fundi wa kitu hicho tangu ujana wake. Pumzi haiongezwi kwa kufuta maktaba. Hupatikana kwa kupanga pa kupumulia.

Akapanga. Akimaliza kusafisha sura moja, anaihifadhi, anaifunga programu kabisa mpaka mstari unaanguka chini, ndipo anafungua upya kwa sura inayofuata. Akagundua pia kwamba sauti yake ilikuwa ikirekodiwa kwa njia mbili, ya sikio la kulia na ya sikio la kushoto, kana kwamba ana vinywa viwili. Akaiacha moja tu, na kila sura ikapungua nusu. Bandu bandu, gogo likaanza kuisha. Vikohozi vya sura alizozirudia hakuvikata vyote, maana siku zilikuwa zimebana. Kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa sawa na kutoka nje bila kiatu kimoja. Alitoka hivyo hivyo.

Fundi alipopita, Redio alimwita. "Kumbe ulikuwa unasema kweli. Kufunga na kufungua ni kupumua."

Zima-Washa akatabasamu taratibu, tabasamu la mtu aliyesubiri miaka. "Nilikuwa najua, mama. Ila tangu nianze kazi hii hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini."

Siku ya kuunganisha, Redio aliwasimamisha wote. Mtandao umefungwa, barua zimefungwa, mhasibu amekaa na mikono mapajani kama yuko kwa daktari. Akaziingiza sura moja baada ya nyingine, safi, bila kukata chochote ndani yake. Mstari ukapanda. Ukapita mahali ulipozoea kuangukia. Ukakaribia juu kabisa, na Redio mwenyewe akagundua hahemi. Akabonyeza kuhifadhi. Mstari ukatetemeka, ukakaa hapo, ukakaa, kisha ukashuka. Kitabu kilikuwa kimoja.

Hakuamini mpaka aliposikiliza kila kiungo, sura inapoishia na nyingine inapoanzia. Kisha akakipeleka nyumbani, akakiweka mkononi mwa mdogo wake, na kwa wiki zilizobaki nyumba nzima iliwasikia Redio wawili, mmoja jikoni na mmoja kwenye kidude.

"Sura ya tatu umekohoa, dada," mdogo mtu alilalamika.

"Kikohozi hakimo kwenye mtihani. Songa mbele."

Asubuhi ya mtihani alimsindikiza mpaka mlangoni, na pale mlangoni mdogo wake akamwachia mkono, akaingia na fimbo yake. Redio alikaa kwenye benchi la ukumbini. Aliogopa. Alijisemea kwamba sasa hakuna jingine la kufanya, na hilo ndilo lililomtia hofu kuliko yote, kwa sababu wakati wote ule kulikuwa na jambo la kufanya. Wanafunzi wengine wakatoka, mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Ukumbi ukabaki mtupu. Mlango ukafunguliwa kwa mara ya mwisho, lakini aliyetoka hakuwa mdogo wake. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kitambulisho kifuani, mwandishi wa mtihani, yule anayekaa na mtahiniwa asiyeona na kuandika majibu anayoyatamka.

"Wewe ndiye dada yake?"

"Ndimi. Kuna nini? Yuko wapi?"

"Anatafuta fimbo yake, anakuja." Mwanamke yule akaketi kando yake kwa kishindo cha mtu aliyechoka. "Mwaka jana pia mimi ndiye niliyemwandikia. Tulipofika nusu ya pili alinyamaza. Tulikaa kimya, mimi na yeye, kalamu mezani, mpaka wakati ulipokwisha. Nilimhurumia sana siku ile, nikashindwa hata kumpa pole."

Akainua mkono wake wa kulia, vidole vimekakamaa, akaanza kuvikanda kimoja kimoja.

"Leo nimemwomba yeye anihurumie mimi, dada. Amekataa."